Filta Iliyopakwa Mawese: Jinsi Nilivyomfikisha Mama Mkwe Murusagamba

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu huuliza kwanza habari za gari, ndipo aulize bei ya kitenge. Mmoja kasikia nilipika maharage ndani ya injini. Mwingine kasikia mama mkwe alisafiri na kuku mapajani kama amebeba mwana. Hilo la pili ni kweli. La kwanza lina ukweli kidogo pia, na nimechoka kulieleza huku napima mita. Basi naandika yote mara moja, mpeane na kusomeana, nami niuze kwa amani.

Biharamulo, kabla ya kuwasha gari

Kwa watakaosoma bila kunijua, mimi ni Mwanahawa, muuza vitenge na vyombo hapa Biharamulo mjini. Mume wangu Idrisa ni mzaliwa wa Ujiji, na mama yake, Bi Asha, anaishi hukohuko mpaka leo. Wifi yangu Zuhura, dada yake Idrisa, ni mwalimu wa shule ya msingi Murusagamba, kule karibu na mpaka wa Burundi. Aliolewa zamani, akakaa bila mtoto mpaka watu wakaacha kuuliza. Mwaka huu Mungu akajalia. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake, lakini nesi wa zahanati alimkataza kabisa kusafiri kwenye barabara zile na tumbo lile. Zuhura akapiga simu Ujiji. Alimwambia mama yake, "Kama mimi siwezi kuja, njoo wewe. Naogopa, mama. Nataka nishike mkono wako."

Bi Asha si mtu wa machozi, ila Idrisa aliniambia siku ile alilia mpaka simu ikazima. Kazi ya kumfikisha nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye dereva wa nyumba hii. Idrisa akishika usukani, hata mbuzi wa barabarani huhama mtaa.

Sasa niwaambie kuhusu filta, maana bila hiyo hakuna kisa. Mnajua vumbi letu la kiangazi. Filta ya hewa ya karatasi, ile mafundi wanayoiita eya klina, ilikuwa haimalizi msimu. Fundi wangu aliipuliza kwa kompresa, akaipuliza tena, na mara ya tatu nikaiinua juani nikaona nyota. Matundu matupu! Injini ilikuwa inakula vumbi kama mtoto anayekula udongo. Nikaamua kununua filta ya pamba, ile inayofuliwa na kurudishwa.

Nilikwenda Kahama nikiwa na filta ya zamani kwenye mfuko, kama mtu anayenunua viatu vya mtoto asiyekuwepo. Muuzaji aliniletea ya sponji, nikaikataa kwa sababu ilikuwa inamomonyoka vidoleni hata kabla ya kutumika. Akaleta ya pamba ya bei rahisi, mpira wake wa pembeni mgumu kama ukoko wa wali. Nikamwambia, huu hautalala vizuri kwenye boksi, na vumbi halihitaji mlango, linahitaji ufa tu. Ya tatu ilikuwa na pamba ya tabaka kadhaa kati ya nyavu za waya, na mpira laini uliokaa sawasawa nilipoulinganisha na ule wa zamani. Hiyo nikaichukua, pamoja na sabuni yake na kichupa chake cha mafuta. Tangu siku ile Idrisa husema nimeolewa na chujio. Nami humjibu kwamba angalau hilo hukubali kufuliwa.

Kwenda Nyakanazi kumpokea Bi Asha

Basi la kutoka Kigoma lilitakiwa kufika Nyakanazi asubuhi. Nilishuka mapema kupitia Lusahunga, nikaegesha mbele ya mama mmoja anayechoma ndizi, nikaagiza ndizi, mishikaki na chai ya maziwa. Nilipomaliza, basi hakuna. Nikaagiza chai nyingine. Malori ya Rwanda na Burundi yalikuwa yamejipanga, madereva wananawa nyuso kwenye madumu, na kila aliyeulizwa kuhusu basi alisema liko hapo nyuma tu. Hapo nyuma ilikuwa ndefu.

Kwa kukosa kazi nikafungua boneti kuitazama filta yangu. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye kofia ya sufu katika jua lile, akasogea.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Limeharibika?"

"Halijaharibika. Naangalia tu."

"Hakuna anayeangalia tu," akasema, akainama naye. Alipoiona akatabasamu. "Ahaa, ya pamba. Ni nzuri hii, lakini usiipende sana. Watu wanaipenda mpaka wanaiua."

Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akalilegeza bomba linalotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini, akafuta ndani kwa kidole na kunionyesha. Kitambaa kilikuwa bado cheupe.

"Hapa ndipo pa kuangalia. Filta inaweza kupendeza, kumbe vumbi limepita pembeni. Kitambaa kikitoka cheusi, ujue boksi halikufunga. Na mafuta unapaka kiasi gani?"

"Matone, kufuata mikunjo, mpaka pamba ibadilike rangi."

"Hapo sawa. Mafuta ya filta ni ya kupaka, siyo ya kukaangia. Yakizidi, injini inakosa pumzi."

Nilijiona nimefaulu mtihani wa taifa. Nikamnunulia chai.

Basi liliingia adhuhuri imepita. Bi Asha alishuka mlangoni taratibu, mkono kwenye nyonga yake mbovu, akiwa na ndoo ya dagaa na furushi kubwa. Kabla sijammalizia shikamoo akasema, "Marahaba. Dereva yule amesimama kila penye mti. Nilidhani anafanya sensa ya misitu." Akaniuliza habari za Zuhura. Nikamwambia nimeongea naye, mzima, uchungu bado. Akashusha pumzi, akaketi garini na furushi mapajani.

"Weka buti, mama, utachoka," nikamwambia.

"Hili halikai na dagaa." Akalifungua kidogo nione. Zilikuwa kanga kuukuu zilizofuliwa na kufuliwa mpaka zikawa laini kama ngozi ya sikio. Nyie mnajua, mtoto mchanga havikwi kanga mpya, ina ugumu. Bi Asha alikuwa anaziweka akiba tangu harusi ya Zuhura. Kila moja iliyochakaa vizuri aliikunja akaiweka, mwaka baada ya mwaka, na hakumwambia mtu.

Nyakanazi mpaka Ntobeye

Kwenye lami tulikwenda vizuri, tukirudi Lusahunga na kushika njia ya Benaco, mpaka tukakuta kipande kinachotengenezwa. Tukatolewa pembeni kwenye njia ya udongo, nyuma ya lori. Sijapata kuona vumbi kama lile. Tulifunga vioo, likaingia hivyohivyo. Bi Asha akajifunika uso na mtandio akasema kutoka mle ndani, "Mwana, bado tupo duniani?" Mimi nilikuwa naifikiria filta yangu. Nilijua jioni lazima niifue.

Benaco tukanunua maparachichi, na Ngara mjini ubaridi wa vilima ukatupokea. Kwa kuwa basi lilikuwa limekula siku yetu, isingewezekana kufika Murusagamba kabla ya giza. Tukaenda kulala Ntobeye kwa Mzee Nestori, ambaye kila mavuno nanunua maharage yake. Yeye na mkewe, Mama Konsolata, walitoka Burundi miaka mingi iliyopita wakati wa shida, wakapata ardhi, wakalima, na sasa wana mashine ya kusaga ambayo mlio wake ndio saa ya kijiji.

"Mwiriwe, mwiriwe!" Mzee akatusalimia kwa Kirundi, akija mikono miwili mbele. Alipomwona Bi Asha akainama. "Shikamoo, mama. Karibuni. Gali limechoka hilo, limekuwa jekundu."

Kabla jua halijazama nikaomba maji, nikaitoa filta. Nikaikung'uta polepole, nikaipaka sabuni yake, nikaiacha kidogo, kisha nikamimina maji kutoka upande wa ndani, ule safi, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Mzee Nestori alichuchumaa pembeni akifuatilia kila kitu.

"Sasa unaianika kwenye moto?"

"Hapana, mzee. Moto na jua kali vinaiharibu. Naitundika kivulini, upepo uikaushe."

"Ikikauka?"

"Asubuhi napaka mafuta, narudisha." Nikamwonyesha kichupa changu.

Akatikisa kichwa kama mtu wa kazi anayekutana na mtu wa kazi. "Eya klina ya mashine yangu nayo inakunywa mafuta. Bakuli zima." Nami nikacheka nikaitundika kwa kamba ya mgomba chini ya paa. Mashine nyingi za kusaga ndivyo zilivyo, hewa hupitia kwenye bakuli la oili ikaacha vumbi humo. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Halafu yakaja mambo ya kuku. Mama Konsolata alitoka ndani na jogoo kwenye tenga, na kisu juu ya tenga, akamkabidhi Bi Asha kwa mikono miwili. Bi Asha akapokea kwa mikono miwili. Akamwombea dua ndefu, yeye na nyumba yake na mashine yao. Kisha akamrudishia kisu, "Hiki umekisahau, mwanangu," akaniambia nimpeleke kuku kwenye buti.

Tukakaa. Tukaongea mavuno. Jikoni moto ulikuwa unawaka na maji yanachemka, lakini hakuna kilichokuja. Tukaongea mvua. Tukaongea mavuno tena. Mwisho Mzee Nestori akakohoa.

"Mama, samahani. Yule kuku. Hamtuchinjii?"

Kumbe walikuwa wamemwacha hai makusudi, ili sisi Waislamu tumchinje wenyewe tule bila wasiwasi! Bi Asha alishika kichwa. Alicheka mpaka akaomba maji. Akasema jogoo arudi haraka achinjwe, lakini Mama Konsolata akakataa katakata. Kilichopokelewa kwa dua namna ile kimeshakuwa cha mgeni, hakirudi sufuriani kwake. Tukala ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na dagaa wa Bi Asha, na ninawaapia sijala vizuri hivyo muda mrefu. Jogoo akabaki abiria.

Kutoka Ntobeye, kilima kilichotushinda

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Nilipotoka nje kamba ya mgomba ilikuwa tupu. Mzee Nestori alisimama karibu na gari, amenawa, anang'aa.

"Gali liko tayali. Nimekausha, nimepaka, nimerudisha, nimefunga. Wewe panda tu."

Nilitaka kufungua boneti. Mkono ulikwenda wenyewe. Lakini kuikagua kazi ya mwenyeji mbele ya macho yake ni kama kuhesabu nyama mbele ya mpishi. Tumekula kwake, tumelala kwake, amenifanyia kazi yangu nikiwa usingizini. Nikamshukuru, tukaagana, tukaondoka.

Tambarare gari lilikwenda, ingawa lilikuwa zito kidogo. Nikasema ni baridi. Kilima cha kwanza likaguna. Cha pili nikashusha gia mpaka ya kwanza, huku kioo cha nyuma kikionyesha moshi mweusi, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Hapo ndipo simu ikalia. Alikuwa Jafari, mume wa Zuhura. Uchungu umeanza tangu alfajiri, yuko zahanati, na anauliza kila mara mama amefika wapi.

"Mwambie niko njiani," Bi Asha akasema. "Mwambie asiogope, nakuja."

Hatukufika hata nusu ya kilima kilichofuata. Gari likatikisika, likakata pumzi, likazima.

Nilifungua boneti, nikafungua klipu za boksi, nikainua kifuniko, na harufu ya maharage ya jana ikatupiga usoni. Filta yangu ilikuwa rangi ya chungwa. Mikunjo yote ilikuwa imejaa mafuta mazito yaliyoganda kwa baridi, hakuna tundu, hakuna pamba, kipande kizima kama mche wa sabuni. Bi Asha akachovya kidole, akanusa. Mtu wa Ujiji haulizwi mara mbili juu ya jambo hilo.

"Mawese," akasema. "Ya kukamuliwa nyumbani. Hayajachanganywa na kitu."

Nikampigia Mzee Nestori.

"Mzee, ile filta uliipaka mafuta gani?"

"Mawese, dada! Yale mazuri, ya kula. Kichupa chako nilikiona kidogo sana, nikasema mgeni ameishiwa, anaona haya kuomba. Oili ya mashine ni chafu, ningempakaje mgeni? Kwetu mgeni hapimiwi mafuta." Kisha akauliza, "Yalitosha?"

Nikamjibu, "Yalitosha, mzee. Yalitosha kabisa."

Tulicheka pale barabarani, mimi na mama mkwe wangu, tumeshikilia boneti tusianguke. Kisha Bi Asha akaacha kucheka ghafla. Akatazama kilima kilichobaki na kingine nyuma yake.

"Mwana," akasema, "mwanangu ananingoja."

Nilimwona kwa mara ya kwanza ni mzee kweli.

Bodaboda mmoja akasimama. Alikuwa tayari kumpeleka. Bi Asha akajaribu kuinua mguu, mimi huku na yeye huku tukimshikilia, lakini nyonga ikakataa. Akasema, "Nikipanda hiki, nesi atapokea wagonjwa wawili." Kuifua filta ningeifua, lakini pamba ikiwa mbichi hairudishwi, na kivulini katika ukungu ule ingekauka alasiri. Nikasema basi, nalifunga boksi tupu, tunakwenda hivyohivyo, injini ile vumbi. Ni gari langu, ndilo linalobeba mizigo ya duka, lakini duka halijapata kuzaa mtoto.

"Likifa kilima kinachofuata?" Bi Asha akauliza.

"Litakuwa limekufa."

"Na mimi nitakuwa nimekaa juu yake." Akafikiri. "Kwetu mawese tunachuja kwa kitambaa. Hewa haichujwi?"

Akafungua furushi. Akatoa kanga iliyokuwa juu, ile iliyolainika kuliko zote. Nikaruka. "Mama, hiyo ya mtoto!"

"Mtoto atavikwa nyingine. Bibi ni mmoja tu."

Niliogopa kitambaa kitavutwa na kumezwa na bomba. Yule bodaboda ndiye aliyenyoosha kidole kwenye buti, kwenye tenga la kuku. Tukamtoa jogoo, bodaboda akakata kitako cha tenga kwa kisu chake, tukakilaza kwenye boksi kama chekecheke. Juu yake nikaitandaza kanga, imekunjwa mara mbili, nikaivuta isiwe na mkunjo pembeni, nikashusha kifuniko na kubana klipu. Mapindo yaliyobaki yakaning'inia nje. Msije mkaiga! Kitambaa hakizuii vumbi laini kama filta, na nilikwenda polepole nikikaa mbali na kila gari lililonitangulia. Lakini nilipowasha, injini ilivuta pumzi, nami nikavuta yangu. Tukapanda kilima.

Jogoo, kwa kuwa hana tenga, akakaa mapajani mwa Bi Asha mpaka mwisho.

Murusagamba

Tuliingia sokoni Murusagamba na mapindo ya kanga yakipepea kutoka kwenye boneti. Wanawake waliokuwa wanauza ndizi wakadhani ni gari la harusi, wakatupigia vigelegele. Bi Asha akawapungia bawa la jogoo, maana hilo ndilo lililokuwa huru. Kituko kizima.

Jafari alikuwa mlangoni mwa zahanati, amevaa shati limegeuka ndani nje. "Bado," akasema. "Bado, mama, anakungoja." Bi Asha akanikabidhi kuku, akanyanyua vazi lake, akaingia. Sijapata kumwona akitembea haraka vile, na nyonga ile.

Mimi sikuweza kukaa. Nikaomba maji ya vuguvugu, kwa kuwa mawese hayatoki kwa maji baridi, nikaanza kuifua filta nyuma ya zahanati. Sabuni, kungoja, kusuuza kutoka ndani. Maji yakatoka ya chungwa. Tena. Yakatoka ya njano. Tena. Kwa kitambaa cheupe nikafuta ndani ya bomba, kikatoka na kivuli cha kijivu, kidogo kuliko nilivyoogopa. Kanga ilikuwa imekamata vumbi mpaka maandishi yake hayasomeki. Nilikuwa naitundika filta kivulini niliposikia sauti ndogo, kali, ya mtu aliyekasirishwa na kuamshwa. Nikaangusha sabuni. Jafari aliketi chini palepale kwenye udongo na shati lake la ndani nje, akacheka na kulia pamoja, nami nikalia naye. Mtoto wa kike. Wote wazima.

Asubuhi filta ilikuwa imekauka. Nikaipaka matone yangu kutoka kwenye kichupa changu, nikangoja rangi isambae yenyewe, nikaongeza tone palipobaki peupe, nikairudisha na kupitisha kidole kuzunguka mpira wote. Gari likaunguruma kama jipya. Bi Asha nilimwacha kule, anapika uji wa pilipili manga na kuamrisha kila mtu.

Kurudi

Nilipita Ntobeye. Mzee Nestori alizima mashine aliponiona. "Mafuta yalisaidia?" akauliza.

Nilikuwa nimeazimia kudanganya. Lakini nilipoletewa chai nikamweleza yote, tangu moshi mweusi mpaka kanga, na kumwonyesha jinsi mafuta yalivyo haba kwenye pamba. Alikigeuzageuza kichupa changu mkononi mpaka nikajuta. Kisha akaanza kucheka, akashika nguzo ya mashine, akacheka. Mama Konsolata hakucheka. Yeye aliuliza, "Mawese yote yale?" na akamtazama mumewe kwa namna ambayo sisi wenye ndoa tunaijua.

Wakanifungia chupa nyingine ya mawese nije nayo. Mzee aliniwekea garini mwenyewe, akafunga mlango, akagonga kioo nikishushe. "Haya ni ya sufulia," akasema. Nilipowasha akarudia, "Ya sufulia, dada!"

Nilidhani kisa kimeishia hapo. Juzi Zuhura akanipigia, mtoto akinyonya, akaniambia ambalo sikuliona kwa kuwa nilikuwa nje nafua.

Anasema mama yake alipoingia, mikono ilikuwa myekundu kwa vumbi, na vidole vyeusi kwa uchafu wa boneti. Nesi akamzuia kitandani, akamwambia akanawe kwanza. Lakini Zuhura alikuwa ameshaudaka mkono.

"Nesi akanigombeza, wifi. Mama naye akanigombeza, niache akanawe mara moja tu, anarudi. Nikawaambia siachi. Nimengoja miaka yote ile na asubuhi yote ile, siachi. Basi nesi akaenda akaleta beseni na sabuni mpaka kitandani. Akauosha mkono wa mama na wangu pamoja, ikiwa imeshikana hivyohivyo. Kisha nikasukuma."